Hifadhi, Maliza, Batilisha

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko lake, anamenya mihogo, tulipofika na kompyuta mpakato yetu. Tulikuwa watatu. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa kila mmoja wetu peke yake, kisha akatuonyesha gogo la kukalia. Nyumba yake iko juu kabisa Kilakala, pale barabara ya gari inapokwisha na njia ya miguu inapoanza kupanda kuelekea msituni. Ukigeuka unaiona Morogoro yote chini yako, mabati na miembe. Ukiinua macho unaiona Lupanga, kama siku hiyo haijajitanda mawingu.

Kikundi chetu ni cha watu wa kujitolea. Tunachora njia za miguu, vijito, vivuko na nyumba za mlimani kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuichangia na yeyote anaweza kuitumia bure. Njia tuliyoifuata siku ile ilipita katikati ya shamba la bibi. Picha ya setilaiti ilionyesha migomba yake, paa la nyumba yake, hata kivuli cha mwembe wake. Alifurahi. Akamwita mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la nne, aje aone. Mwenzangu akachora mstari wa njia, akausogeza kidogo ufuate ukingo wa migomba, kisha akapeleka mshale kwenye kona ya juu ya skrini. Yule mtoto, kwa raha ya mtu aliyejua kusoma juzi tu, akalisoma kwa sauti neno lililokuwa kwenye kitufe.

"Hifadhi."

Bibi akaacha kumenya. "Nani kasema hifadhi?"

"Ni kitufe tu, bibi," nikasema. "Maana yake ni kwamba..."

"Maana yake naijua, mjukuu wangu." Akainua kisu na kukielekeza juu, msituni. "Hifadhi ile pale. Na mimi niko hapa. Sasa mnataka kuishusha mpaka wapi?"

Hatukubonyeza. Tulieleza, tukaeleza tena, na kadiri tulivyoeleza ndivyo tulivyozidi kufanana na watu wenye jambo la kuficha. Tukaaga. Kwa wiki tatu hatukupita tena njia ile, na juu ya nyumba yake ramani ikabaki tupu.

Ningependa kusema kosa lilikuwa la programu, lakini neno lile niliandika mimi.

Mimi nilisoma fasihi. Kompyuta naijua kama mtumiaji wa kawaida anavyoijua. Kikundi kilipoanza kutumia programu ya kugawana kazi za kuchora, mtu akauliza nani ana Kiswahili kizuri, na macho yote yakanigeukia. Nikapewa orodha ya maneno ya Kiingereza katika jedwali, na safu tupu pembeni ya kujaza. Nilijaza safu ile jioni mbili, kwa haraka na kwa majivuno kidogo. Kwenye jedwali hapakuwa na bibi, mlima wala kisu cha kumenyea mihogo. Palikuwa na neno tu na nafasi iliyo wazi.

Tangu siku ile nimekuwa nikivisoma vitufe kama nilivyofundishwa kusoma shairi, neno kwa neno, nikiuliza nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini neno hili na si lile. Kitufe ni maandishi mafupi kuliko yote tunayoyasoma, na kwa wengi wetu ndiyo maandishi tunayoyasoma mara nyingi zaidi kwa siku. Tunahakiki riwaya ambazo watu mia tano wamezisoma, lakini hakuna anayehakiki neno ambalo mamilioni wanalibonyeza kila asubuhi. Makala hii ni uhakiki wa vitufe vitatu, na mfasiri wake ni mimi mwenyewe.

Nianze na Hifadhi. Kamusi haina kosa hapa. Kuhifadhi ni kuweka kitu mahali salama kisiharibike, na neno limekaa kwenye simu na kompyuta zetu kwa miaka. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa toleo la Kiswahili la OpenOffice, wakaliita Jambo OpenOffice, walikuwa wanajibu swali ambalo wengi waliliona la mzaha: je, kompyuta inaweza kusema Kiswahili? Ilisema. Sisi tuliokuja baadaye tumerithi njia waliyoifyeka, na Hifadhi ni mojawapo ya maneno tunayoyakuta njiani bila kujiuliza yametoka wapi.

Lakini neno la Kiswahili kwenye kitufe lina shida ambayo kamusi haiioni. Hifadhi ni kitenzi, tena ni nomino. Kama kitenzi kinaamuru, kama nomino inataja mahali. Ukiwa unaandika barua hapana mgongano, kwa sababu barua haiwi mbuga. Ukiwa unachora ramani, kila neno linaloelea juu ya picha ya ardhi linasomwa kama jina la ardhi hiyo. Na hapa tulipo, nomino ina nguvu kuliko kitenzi. Mkoa wa Morogoro una Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, una Udzungwa, na juu ya vichwa vyetu kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 kwa kuiunganisha misitu ya hifadhi ya zamani, zaidi ya hekta 24,000 kwa jumla. Msitu ule unatunza maji yanayoingia mto Ruvu na kunywewa Dar es Salaam. Sina ugomvi na kuhifadhiwa kwake. Nasema tu kwamba kwa mtu anayelima chini ya mpaka wake, neno hifadhi ni mstari ambao jembe lake halivuki.

Na mstari unaweza kusogea. Kumbukumbu ya Uluguru haijasahau kwamba wakuu wa mbali huja na mipango iliyokwisha kuandikwa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wajenge matuta ya ngazi kwenye miteremko yao, kwa nia iliyoandikwa vizuri ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Watu walikataa, mwaka 1955 vurugu zikazuka, na mpango ukaachwa. Ongeza jambo jingine: katika mila ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, lukolo. Mwanamke mzee kwenye kigoda si mtu wa kupitiwa tu ukielekea kwa mwenye shamba. Mara nyingi mwenye shamba ndiye huyo. Bibi aliposikia "hifadhi" kutoka kwa vijana watatu wenye picha ya shamba lake iliyopigwa kutoka angani, alisoma maandishi yale kwa usahihi kamili. Aliyekosea kusoma ni mimi niliyeyaandika.

Hata hivyo kosa halikuanzia kwangu. Nililirithi. Neno la Kiingereza lililokuwa kwenye jedwali, save, nalo halisemi kweli. Ukihifadhi barua kwenye kompyuta yako, barua inabaki kwako. Ukihifadhi mchoro kwenye ramani huria, unautoa kwako. Dakika chache baadaye mtu wa Nairobi, wa Muscat au wa Chicago anaweza kuuona, kuupakua, kuusahihisha na kuuchapisha kwenye karatasi. Wahariri wa Wikipedia walikutana na jambo hilohilo. Kwa miaka mingi kitufe chao kilisema "hifadhi ukurasa", na wageni wakakibonyeza wakidhani wanajiwekea nakala, kumbe wanautangazia ulimwengu. Kati ya mwaka 2016 na 2017 shirika la Wikimedia likakibadili kwa Kiingereza kikawa "chapisha". Kuna waliolalamika kwamba wameshazoea lile la zamani. Lakini mtu anapaswa kujua kama anafunga mlango au anaufungua kabla hajasukuma.

Kwa hiyo kosa langu lilikuwa na tabaka mbili. La juu ni la lugha: nilichagua neno ambalo mahali hapa lina maana nyingine, tena nzito. La chini ni la uaminifu: nilifasiri neno bila kuuliza kitufe kinafanya nini. Mfasiri wa riwaya anaweza kujitetea kwamba anafuata maneno ya mwandishi. Mfasiri wa kitufe hana utetezi huo, maana kazi yake ni kumwambia mtu kitakachotokea akibonyeza.

Kitufe cha pili ni Maliza.

Programu ya kugawana kazi hulikata eneo katika miraba. Kila mtu anachukua mraba mmoja, mwingine haugusi, na akishachora vyote anavyoviona humo anabonyeza kitufe cha kutangaza hivyo. Mraba hubadilika rangi, na wengine wanajua hapo hapana tena kazi. Ni mpango mzuri. Mwaka 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, mamia ya watu waliokuwa hawajawahi kufika kule waliweza kuchora mitaa ya Port-au-Prince kwa siku chache. Kazi ikiwa ya wengi, kinachoiangusha mara nyingi ni mkanganyiko: wawili wanachora mahali pamoja, na mahali pengine hachori mtu.

Kwenye safu yangu tupu niliandika Maliza. Fupi, safi, linaingia kwenye kitufe. Baada ya mwezi tukakuta miraba kadhaa ya Kilakala ya juu ina rangi ya kukamilika, na ndani yake kuna nyumba nne zilizochorwa kati ya thelathini. Tulipowauliza wachoraji, hakuna aliyekuwa mvivu wala mwongo. Kijana mmoja anayeendesha bodaboda mchana na kuchora usiku alinijibu, "Kaka, nilikuwa nimechoka, bando linaisha. Nikaona pameandikwa maliza. Nikamaliza."

Alikuwa sahihi. Nilijifunza kitu ambacho darasani hakuna aliyenifundisha, kwamba kitufe cha Kiswahili hakiwezi kukwepa swali la nani anasema. Kitenzi cha Kiingereza kinaweza kusimama peke yake, bila mtu na bila wakati. Chetu kinakuja na watu wake. Maliza ni sauti ya programu ikimwamuru mtu, au ikimruhusu aondoke. Nimemaliza ni sauti ya mtu akitoa ushahidi. Imekamilika ni sauti ya kazi yenyewe, na ndani yake hakuna wa kuulizwa. Kwa mbonyezaji aliyechoka saa tano usiku, tofauti hizi ni kubwa. Maliza ni rahisi kulitii. Nimemaliza ni vigumu kulisema ukiwa umechora nyumba nne kati ya thelathini, kwa sababu ni wewe unayesema, na lugha imekuweka mle ndani kwa silabi moja, ni-.

Wenye miamala ya simu waliliona hili mapema, pengine bila kuliita kwa jina la kisarufi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikafika Tanzania mwaka 2008, na menyu yake ni kati ya maandishi ya Kiswahili yaliyosomwa zaidi katika historia ya lugha hii. Tuma pesa. Toa pesa. Ni kitenzi na kinachotendwa, basi. Hapaachwi kitenzi kikiwa uchi, mtu akabaki anauliza tuma nini, toa nini. Mama wa sokoni ambaye hajawahi kufungua kompyuta anazipita menyu zile akiwa na ndoo kichwani. Kama ningeisoma menyu ile kama maandishi kabla ya kujaza jedwali langu, ningejua kwamba Hifadhi peke yake haitoshi na Maliza peke yake haitoshi.

Tukabadili. Kitufe kimoja kikawa viwili: "Nimechora vyote" na "Naacha, bado kuna kazi". Hiki cha pili ndicho nakipenda zaidi, kwa sababu kinamruhusu mtu aondoke bila aibu. Bila hicho, mtu mwaminifu aliyechoka alikuwa na njia mbili tu, kudanganya au kuendelea.

Kitufe cha tatu kinanigusa zaidi, kwa sababu kinabeba jina la kazi yangu. Mraba ukishachorwa, mtu mwenye uzoefu huupitia na kuona kama nyumba zimekaa sawa na njia zimeungana. Kwa Kiswahili niliita kazi hiyo Hakiki. Nilifurahi nilipoliandika. Mhakiki wa ramani na mhakiki wa fasihi, jina moja! Nilijiona nimepata daraja kati ya pande mbili za maisha yangu.

Niliowaandikia walisikia kingine. Kwa kijana wa Tanzania aliyekua katika muongo uliopita, uhakiki si makala kuhusu riwaya. Uhakiki ni vyeti. Mwezi Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, watu 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na kazi zao zikaishia hapo. Sina la kusema juu ya wenye vyeti vya kughushi. Lakini neno halikurudi lilivyokuwa. Tangu hapo kuhakikiwa ni kushukiwa kwanza.

Na anayehakiki lazima awe na kitufe cha kusema hapana. Hapo niliandika Batilisha. Ni sahihi kwa kamusi, na ni neno la mahakama na mabaraza. Hutumika kwa hati za viwanja, ndoa, na matokeo ya mitihani ya waliokamatwa na majibu. Binti mmoja aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri kujiunga na chuo, alichora mraba wake wa kwanza kwa siku mbili. Nyumba zake zilikuwa zimesogea mita chache, zote upande mmoja, kosa la kawaida ambalo picha ya setilaiti hulisababisha kwenye miteremko. Mhakiki akabonyeza kitufe. Binti akafungua simu asubuhi akakuta: Kazi yako imebatilishwa. Hakurudi. Nilipokutana naye njiani karibu na shule ya wasichana ya Kilakala, akaniambia kwa adabu kwamba yuko bize. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akaniuliza, "Kwani nilifanya udanganyifu gani?"

Kwa mtu wa fasihi hili linapaswa kuuma mara mbili. Tunajua uhakiki mbaya unavyoweza kumnyamazisha mwandishi chipukizi, na tunajua pia kwamba uhakiki mzuri hausemi kazi ni batili bali unaonyesha palipopinda. Siku hizi mahali pa Hakiki pameandikwa "Pitia kazi ya mwenzako", na mahali pa Batilisha pameandikwa "Rudisha irekebishwe", na programu haikubali kurudisha chochote mpaka aliyepitia aandike walau sentensi moja ya sababu. Neno limelainika, lakini kubwa zaidi ni lile sharti la sababu. Neno laini lisilo na sababu lingekuwa adabu ya uongo.

Nimesomea rafiki zangu wawili makala hii, na wote wamenipinga kwa hoja ambazo siwezi kuzipuuza.

Wa kwanza ni mwandika programu. Anasema uthabiti ni fadhila. Hifadhi iko kwenye kila simu. Kila kikundi kikianza kubuni neno lake, mtu atajifunza Kiswahili kipya kila anapofungua programu mpya, na mwisho ataona afadhali aweke Kiingereza. Tayari Wakenya wanasema tarakilishi na sisi tunasema kompyuta. BAKITA ilianzishwa mwaka 1967 ili tusifike huko. Anaongeza kwamba kitufe kina upana wake, na neno la Kiingereza la herufi nne likigeuka sentensi ya Kiswahili ya herufi ishirini na tano, skrini ndogo ya simu inalia.

Nakubali sehemu kubwa. Siombi maneno mapya, na kwa kweli karibu kila badiliko tulilofanya limetuondoa kwenye neno la kitaalamu na kuturudisha kwenye maneno ya kila siku. Wala sidai kila neno la kitaalamu lina kasoro. Tendua, kwa kufuta hatua uliyotoka kuifanya, ni zuri sana. Kila aliyesoma sarufi sekondari anaijua kauli ya kutendua, ziba na zibua, kunja na kunjua, na lugha yenyewe imekwisha kutufundisha kwamba kitendo kinaweza kurudishwa kinyumenyume kwa kubadili mwisho wake. Kiingereza kinahitaji kiambishi cha mbele kufika pale Kiswahili kilipofika zamani. Na jina la mradi wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2015 kuchora kata zinazofurika, Ramani Huria, ni mfano wa kuchagua vizuri. Tulishakuwa na chuo kikuu huria na soko huria, na mtu alilijua neno kabla hajaiona ramani. Uthabiti ni mzuri pale neno linapokuwa la kweli mahali linapotumika. Likiwa la uongo, uthabiti unasambaza uongo.

Kuhusu upana wa kitufe, tulipima. "Weka kwenye ramani" iliingia kwenye simu ya bei nafuu kuliko zote tulizokuwa nazo, katika mistari miwili. Skrini haikulia.

Rafiki wa pili ni mwalimu, na hoja yake ni nzito zaidi. Anauliza kama tunawadharau watu. Bibi angeelezwa angeelewa, na binti angezoea. Tukilainisha kila neno, watu watakua lini?

Nimelifikiria sana. Nadhani dharau iko upande mwingine. Kumpa mtu neno ambalo unajua atalisoma tofauti, kisha kumlaumu kwa kulisoma hivyo, ndiko kumdharau. Siku hizi hatuwaulizi watu kama wameelewa neno, kwa sababu kila mtu husema ndiyo ili asikuaibishe. Tunawaonyesha skrini na kuuliza swali moja: ukibonyeza hapa, kitatokea nini? Jibu likitofautiana na kinachotokea kweli, tunabadili neno, na anayejibu hatumsahihishi. Tulilibadili la kuchukua mraba mara mbili kwa njia hiyo. Mwanzoni lilikuwa Funga, na watu walidhani linaizima programu. Kisha likawa Chukua mraba, wakauliza mraba upi, wa hesabu?

Jibu la swali hilo lilitoka kwa bibi.

Tulirudi kwake baada ya wiki tatu, safari hii bila kompyuta, tumebeba sukari. Tulikaa kwenye gogo lilelile. Nilimwomba radhi, nikamwambia neno lile niliandika mimi na lilikuwa baya. Akacheka. Akataka kujua sasa kazi yenyewe tunagawanaje, watu wengi hivyo, bila kugombana. Nikaeleza habari za miraba. Akasikiliza, kisha akasema, "Si ngwe hiyo?" Kila mtu anapimiwa kipande chake asubuhi, analima mpaka mwisho wa kipande, halali yake inaishia pale na ya mwenzake inaanzia pale. Nilikuwa nalijua neno ngwe tangu utotoni na halikunijia hata mara moja nilipokuwa nimekaa mbele ya jedwali. Leo kwenye programu yetu kuna kitufe kinachosema "Chukua ngwe hii". Vijana wa mjini waliokuwa wanalijua kwa habari za mashindano na awamu tu wameliuliza mara moja, hawakuliuliza tena.

Safari ya tatu tulikuja na kompyuta. Mjukuu akakaa mahali pake, akasoma kabla hajaambiwa: "Weka kwenye ramani."

Bibi akauliza, "Ikiwekwa, nani ataona?"

Nikamwambia kila mtu.

"Na nikighairi kesho?"

Neno ghairi nilikuwa nimeliondoa kwenye programu miezi miwili kabla, nikidhani ni la pwani mno, hakuna anayelitumia hapa. Nilirudi nikaliweka. Lakini swali lake halikuwa la msamiati, na nilimpa jibu la kweli. Kabla ya kubonyeza unaweza kughairi na hakuna kitakachobaki. Baada ya kubonyeza tunaweza kukiondoa kwenye ramani, ila kumbukumbu kwamba kiliwahi kuwekwa hubaki, na anayejua kutafuta ataiona.

Alikaa kimya, anaitazama migomba yake kwenye skrini, kisha ile ya kweli nyuma yetu. Mwenzangu alikuwa amechora vitu viwili: mstari wa njia, na umbo la shamba lote na mipaka yake. Bibi akanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo.

"Njia wekeni, watu wapite. Shamba liacheni."

Mwenzangu akalifuta umbo la shamba. Mjukuu akaomba abonyeze yeye. Bibi akamruhusu.